Maduka Niliyoyafunga kwa Mdomo

Mpendwa mshauri, usiniweke pembeni kwa ajili ya mwandiko, mimi nimeishia darasa la nne na mkono wangu umezoea sindano kuliko kalamu, binti yangu wa kwanza ndiye amenisaidia kuweka nukta akachoka katikati, kwa hiyo utaona mwenyewe alipoachia. Yeye ndiye aliyeniambia, "Mama, andika kwenye gazeti, maana sisi hapa nyumbani umeshatuchosha kwa kuhema." Naomba unisome mpaka mwisho halafu uniambie ukweli hata kama unauma.

Mimi ni fundi wa nguo, nina duka kwenye safu ya maduka kumi na moja, paa moja na kibaraza kimoja mbele, la kwangu ni la tatu ukitokea upande wa shule. Kushoto kwangu kuna fundi viatu na kulia kuna dada wa duka la dawa. Zamani mtu aliweza kutembea kivulini kutoka duka la kwanza mpaka la mwisho bila kuangalia anakanyaga wapi, mpaka watoto wakawa wanateleza na soksi.

Mama yangu mzazi nakaa naye tangu baba afariki. Yeye ndiye aliyenifundisha kushona. Macho yake hayatungi tena uzi kwenye sindano, lakini vidole bado vizima, kwa hiyo kila siku tulikuwa tunaongozana dukani, anakaa kwenye benchi la mbele, kazi yake kuchomoa nyuzi za bandi, zile za kushikizia nguo kwa muda kabla cherehani haijapita. Anachomoa huku anasalimiana na dunia nzima. Watoto wakitoka shule wanamkalia pande zote mbili, akina mama wanamwachia kichanga dakika mbili wakaingie kwa dada wa dawa, wazee wanapumzika hapo kabla ya kuendelea na safari yao, yaani lile benchi lilikuwa na wateja wengi kuliko mimi.

Sasa mwaka mmoja mvua iliingia dukani ikaharibu vitambaa vya sare za shule, nililia siku mbili, siku ya tatu nikamwita mwashi akanipandishia sakafu ya mbele kwa matofali mawili, na ili ngazi ipate pa kukaa tukafukia kipande cha mfereji wa zamani uliokuwa unapita mbele ya maduka, maana ulikuwa umejaa takataka tu. Maji yakahamia kwa fundi viatu. Fundi viatu akapandisha matatu. Maji yakaenda kwa dada wa dawa, naye akapandisha manne akaweka na vigae vinavyong'aa. Basi ndani ya misimu miwili kila mtu kanyanyua pake ili maji yakamtembelee jirani, na leo kile kibaraza chetu ukikitazama kwa mbali ni meno ya mtu aliyepigana.

Tangu hapo watu wazima hawapiti kibarazani, wanashuka barabarani kwenye mikokoteni na pikipiki. Kuna mwalimu mstaafu anayetembea kwa kiti cha magurudumu, huyo hawezi kuingia duka hata moja, anasimama barabarani anapiga kelele, "Fundi! Nionyeshe hivyo vya kahawia!" Fundi viatu anamjibu kutoka juu, "Cha kulia au cha kushoto, mwalimu?" Naye anasema, "Vyote viwili, au unadhani nitavimaliza kwa kutembea?" Watu wote tunacheka na mwenyewe anacheka. Nilicheka na mimi, mshauri. Sikufikiri zaidi ya pale.

Benchi nililitoa mwenyewe. Baada ya ngazi kupanda hapakuwa na nafasi, nikaweka sanamu mbili za kuvalisha magauni, mama nikamhamishia ndani nyuma ya cherehani kwenye kigoda. Akaniambia, "Naona sasa nimewekwa stoo." Hapo pia nilicheka.

Siku aliyoanguka alisikia watoto wa shule wanapita akatoka kuwasalimu. Mimi nilikuwa nimeinamia kola. Nilisikia mkasi unaanguka, halafu nikamsikia yeye. Ngazi yangu haina pa kushika na ukingo wake una rangi moja na sakafu, mguu ulikwenda akijua bado kuna sakafu kumbe imekwisha. Fundi viatu aliruka akamnyanyua kabla yangu. Na mama, vumbi usoni, kitu cha kwanza kusema ni, "Nisamehe mwanangu, nimekutia aibu mbele ya wateja."

Fundi viatu akasema, "Si wewe, mama, ni hii ngazi."

Nikamkata jicho. "Na yako je? Si ndefu kuliko yangu?"

"Ni ndefu," akajibu kwa sauti ya chini, "lakini nani alianza?"

Tangu siku ile sijakiri kwa mtu yeyote kwamba kilichomwangusha mama yangu ni ngazi niliyoijenga mimi. Mama mwenyewe anaamini ni uzee wake.

Nyonga haikuvunjika, tunashukuru. Daktari alisema apumzike wiki kadhaa kisha atembee kila siku, tena atoke awe na watu, maana miguu ikikaa sana inasahau kazi yake. Akapona vizuri, asubuhi moja nikamkuta amevaa gauni lake la kutokea, kikapu mkononi, fimbo mkono wa pili, amesimama mlangoni ananisubiri kama mtoto siku ya kwanza ya shule. Nilimwona tena chini pale. Maneno yakanitoka mdomoni yenyewe.

"Mama, leo hakuna kwenda. Maduka yamefungwa, wanatengeneza kile kibaraza."

"Yote?"

"Yote."

"Na wewe unakwenda wapi?"

"Kusimamia mafundi."

Akatazama kikapu, akakiweka chini taratibu, akasema, "Haya. Wasimamie vizuri."

Nilitaka uongo wa wiki moja tu nijipange. Huu ni mwezi wa tano. Kila jioni ananiuliza, "Mafundi wamefikia wapi?" na mimi najibu, mara wanavunja, mara wamemwaga zege, mara zege halijakauka, yaani nimeshajenga jengo zima kwa mdomo na kila siku naogopa nisije nikaezeka kabla ya msingi. Na yeye ananipa maagizo niwapelekee. "Waambie ngazi hapana, waweke mteremko, mrefu, usiwe mkali, mtu asukume kigari cha mtoto bila kuhema." Jioni nyingine, "Waweke bomba la kushika, moja kimo changu na jingine kimo cha mtoto." "Ukingo wa sakafu waupake rangi nyeupe nione inapoishia." "Ule mfereji waufukue, kwani maji yaende wapi?" "Benchi lirudi, liwe na mgongo na mikono, mtu mzima akikaa lazima pia ainuke." Hata choo chetu cha maduka hakukisahau, "Ufunguo wa choo usikae kwa mwenyekiti wenu wa maduka, watu wanaona haya kuuomba, wanajibana mpaka nyumbani." Mimi naitikia tu, nitawaambia mama, nitawaambia.

Wakati wa maongezi hayo ananikalisha chini magotini pake, ananichomoa nyuzi zilizoninasa kwenye gauni na nywele, nyekundu, bluu, juzi za njano, anazisokota anaziweka kwenye kikopo. Nadhani ni mikono tu imekosa kazi, maskini, inatafuta mazoea yake.

Lakini anaisha, mshauri. Sahani haimalizi. Gauni la kutokea halivai tena. Wiki iliyopita ameniita kwa jina la dada yake aliyefariki. Juzi daktari aliuliza, "Mbona miguu imelegea, hatembei?" Nikaangalia sakafu, na mama ndiye aliyejibu, "Natembea sebuleni."

Sasa Jumamosi ijayo wenye maduka tuna mkutano katika chumba cha juu cha mwenyekiti wetu, yule anayeuza vyombo. Dada wa dawa ndiye ameuitisha, wateja wake ni wagonjwa na hawawezi kupanda matofali yake manne, anataka wote tuvunje ngazi kibaraza kiwe sawa. Wengi hawataki. Mwenyekiti amesema, "Anayetaka kuvunja aanze na yake, tumwone." Baba watoto ananiambia, "Ukivunja peke yako mvua ya kwanza utafuga samaki dukani." Nikisimama kuunga mkono wataniuliza nani alianza, na habari itamfikia mama. Nikinyamaza, kibaraza kitabaki vilevile na mama atabaki sebuleni. Na nikimpeleka atakuta hakuna fundi, hakuna zege, hakuna lolote, atajua binti yake alimfungia maduka kwa mdomo.

Nimwambie au nimwache na amani yake? Nivunje au niache? Mimi nampenda mama yangu, naomba hilo lisikupotee katika haya yote.

Ni mimi,
Mama Cherehani

MSHAURI ANAJIBU

Mama Cherehani, weka mkasi chini unisikilize. Kwamba unampenda mama yako halikunipotea, liko kwenye kila mstari, hata pale binti alipochoka kuweka nukta. Sasa nikutoe hofu moja, halafu nikugombeze.

Unaogopa mama atajua. Mama anajua. Mtu anayesimamia waashi anarudi nyumbani na vumbi la saruji kwenye nyusi. Wewe kwa miezi mitano umerudi na nyuzi nyekundu, bluu na njano, na umezipeleka mwenyewe mpaka kwenye vidole vya mwanamke aliyekufundisha kushona. Unadhani mikono yake inatafuta mazoea? Mikono yake inasoma kazi uliyofanya siku hiyo. Ile bluu pengine anaijua ni ya sare ya shule gani. Hakukuumbua. Wewe ukijisifu moyoni kwamba unamlinda, yeye ndiye alikuwa anakulinda wewe na aibu, na kikopo kinajaa.

Utaniuliza, kama anajua, mbona anauliza kila jioni mafundi wamefikia wapi? Rudi kwenye barua yako. Mteremko usio mkali. Bomba la kimo chake na la kimo cha mtoto. Ukingo mweupe. Mfereji. Benchi lenye mikono. Ufunguo wa choo. Huyo si bibi anayepiga soga, huyo ameketi miezi mitano anakupa agizo la kazi, moja baada ya jingine, kwa upole, akisubiri siku utakayolipeleka. Na hakujiombea yeye peke yake. Amemkumbuka mtoto, amemkumbuka mama mwenye kigari, amewakumbuka wanaojibana. Wewe ukaitikia "nitawaambia" ukaenda kulala.

Hapo ndipo nagomba. Ulimfungia mtu mzima ndani kwa sababu wewe ndiye ulikuwa na hofu. Kuanguka kulimchukulia wiki kadhaa, lakini uongo wako umemchukulia miezi na miguu. Daktari amekuuliza swali la wazi ukaangalia sakafu, ukamwacha mgonjwa akujibie. Hili la kuitana majina ya marehemu sitalisemea, si kazi yangu, mrudishe kwa daktari wiki hii na safari hii mwambie yote, pamoja na sebule.

Leo hii baada ya chakula kaa magotini pake kama kawaida. Kabla hajauliza, sema, "Mama, maduka hayakufungwa. Na kilichokuangusha ni ngazi niliyoijenga mimi, si uzee wako." Kisha nyamaza. Usiangue kilio mpaka yeye ndiye aanze kukubembeleza, ameshakubembeleza vya kutosha. Akikasirika, mwache akasirike, ni haki yake na inaonyesha bado ana nguvu. Muhimu aondokewe na ule mzigo wa kuamini kwamba mwili wake ndio uliomsaliti. Aliomba msamaha akiwa na vumbi usoni, kwa kosa lako. Mrudishie huo msamaha wake.

Kuhusu mkutano. Mnakwenda kujadili ngazi kwenye chumba cha juu! Hakuna hata mmoja wenu aliyecheka? Mwambie dada wa dawa amwombe mwenyekiti mkutano ushuke, ufanyike pale pale mbele ya maduka, viti vipangwe upande wa barabara, na mwalimu wenu mstaafu aalikwe rasmi, aseme kwa sauti ya kawaida badala ya kupiga kelele. Mnamcheka na yeye anacheka, ndiyo, kwa sababu ndicho kiingilio pekee mlichomwachia. Mama yako awepo pia, na kikapu chake. Hao ni wateja, mama, msiwafanye wageni wa kuonewa huruma. Mzee akishindwa kupanda, anayemsindikiza naye hapandi, wala mjukuu aliyeshikwa mkono.

Unaogopa wataulizana nani alianza. Basi sema wewe kabla hawajauliza. Simama wa kwanza: "Ni mimi niliyeanza, na mama yangu alilipa." Ukishasema hivyo hakuna mtu ana fimbo ya kukuchapia. Na utaona fundi viatu atasimama wa pili, kwa maana yule bwana alishasema ukweli wake siku ile ukamkata jicho.

Mumeo naye msikilize, hajakosea. Ukivunja ngazi peke yako maji yatakuja. Lakini jiulize kwa nini yanakuja. Uliandika kwa haraka kama jambo dogo: ulifukia mfereji. Na waliokufuata wakapandisha juu ya mfereji huohuo. Mmekuwa mkipigana na maji ambayo mmeyanyima njia wenyewe. Kwa hiyo hamuanzi na nyundo kwenye ngazi, mnaanza na koleo kwenye mfereji, mbele ya duka lako, la fundi viatu na la dada wa dawa, nyinyi watatu mlioshikana, wengine watake wasitake. Ufukuliwe mpaka pale maji yalipokuwa yakitokea, usafishwe, ufunikwe kwa mifuniko yenye matundu madogo yasiyomeza fimbo wala gurudumu. Msubiri mvua moja muone. Maji yakipita, vunjeni ngazi tatu siku moja, sakafu ziwe sawa, mteremko mmoja mrefu wa kushuka barabarani. Mwashi aje aongee na mama yako na mwalimu kabla ya kuchanganya zege, na mteremko ujaribiwe na wao ungali wa mbao tupu. Maduka mengine nane hayatakubali yote, nakwambia mapema usije ukavunjika moyo. Wataangalia kwanza wateja wanaingilia wapi.

Benchi lisisubiri mkutano. Toa sanamu moja, mbili za nini? Hakuna hata moja kati ya hizo inayokusalimia. Na kuanzia kesho mama atoke, hata kama ni mpaka mwisho wa barabara yenu na kurudi. Akishaweza, mfikishe dukani. Mkono wako uwe karibu naye, ila usimkamate kama mwizi.

Ataanguka tena? Sijui, wala wewe hujui, na sebuleni pia watu huanguka.

Siku mtakapoanza kuvunja, atakuwa amesimama mlangoni asubuhi na gauni lake la kutokea na kikapu. Atakuuliza kama maduka yamefunguliwa. Mwambie, "Bado, Mama, wanatengeneza. Twende ukawasimamie."